Klimatizeri Nayo Inaoga



Mwezi huu sitaandika juu ya ndoa wala juu ya deni. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kimeingia katika nyumba zetu nyingi bila kutufundisha namna ya kukaa nacho: klimatizeri. Wakati tulipokuwa watoto katika kambi za wafanyakazi hapa Kolwezi, kitu hiki kilikuwa cha nyumba za enjenyeri. Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana anapata kazi kwenye mgodi, anapokea mishahara ya kwanza, ananunulia wazazi wake televizyo, halafu frigo, halafu klimatizeri. Ni jambo la kushukuru. Lakini wengi wanaitundika ukutani kama vile mtu anavyotundika picha ya arusi, na hawaigusi tena mpaka siku inapokufa.

Mimi si frigoristi. Lakini nilipokuwa kwenye shule ya Biblia, siku za posho nilikuwa nikisaidia muzee mmoja wa kazi hiyo ili nipate pesa za minerval. Nilibeba ngazi, nilibeba ndoo, niliosha filtri nyingi kuliko masahani ya nyumbani kwetu. Yule muzee alikuwa na neno moja alilolirudia kila mahali: "Mashini haifaki na uzee, inafaka na uchafu." Tangu wakati ule nimeona nyumba nyingi, na naona alisema kweli.

MASHINI HAITENGENEZI BARIDI

Watu wengi wanafikiri kwamba ndani ya klimatizeri kuna baridi ambayo inafukuziwa ndani ya chumba. Si hivyo. Mashini hii inachukua joto la chumba na kulitupa inje. Ndiyo sababu iko na sehemu mbili: moja ndani, juu ya ukuta, ya pili inje, yenye helisi kubwa inayozunguka. Kati yao kuna tiyo mbili za shaba, na ndani ya tiyo kuna gazi. Upande wa ndani gazi inakuwa baridi sana na kunyonya joto la chumba. Kompresa inaikamua na kuisukuma inje, na kule gazi inaacha lile joto. Halafu inarudi ndani kuchukua mzigo mwingine. Ni kama mtu anayetoa maji ndani ya nyumba kwa ndoo, anakwenda na kurudi, usiku kucha.

Na tazama jambo hili: mashini ya kwanza ya namna hii haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1902, kule Brooklyn, Marekani, enjenyeri kijana Willis Carrier aliombwa kusaidia kiwanda cha kupiga chapa. Unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi zao: zilivimba na kunywea, na rangi hazikukaa mahali pake. Carrier alipitisha hewa juu ya tiyo za baridi, na unyevu ukageuka maji. Hata leo klimatizeri ya nyumbani inafanya kazi hizo mbili pamoja: inapunguza joto na inakausha hewa. Yale maji yanayodondoka inje si maji ya mashini. Ni maji yaliyokuwa katika hewa ya chumba chako.

Sasa, mtu akielewa hivi, ataelewa pia sababu ya kuosha. Kama hewa haipiti vizuri juu ya zile tiyo za ndani, joto halichukuliwi. Kompresa inatumika bila kupumzika, chumba hakipoi, kompteri ya umeme inakimbia. Mara nyingine barafu inashika tiyo za ndani, na watu wanafurahi wakisema, "Ona, iko na baridi sana!" Kumbe ni alama ya ugonjwa: ama filtri imezibwa, ama gazi imepunguka.

VUMBI LETU SI VUMBI LA BURE

Kitabu kinachokuja pamoja na mashini kimeandikwa kwa nchi zenye lami na majani. Kinasema uoshe filtri kila baada ya wiki kadhaa. Lakini sisi tunakaa Lualaba na Katanga ya Juu. Tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi mvua haionekani, makamyo ya mgodi yanapita usiku na mchana, na vumbi linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Anayekaa kando ya barabara ya makamyo aoshe filtri kila wiki wakati wa kiangazi. Anayekaa mbali kidogo, kila wiki mbili. Mvua ikianza, mara moja kwa mwezi inatosha.

Na vumbi hili tusilizarau. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya hapa Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti hata ndani ya parseli zao. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la ndani ya nyumba na katika mikojo ya wakaaji. Watoto walikuwa nayo zaidi kuliko watu wazima. Mtoto anatambaa chini, anatia vidole kinywani, anapumua karibu na udongo.

Kwa hiyo unapotoa filtri yenye vumbi, usiipige ukutani kama mkeka, usiifagie kavu mbele ya watoto. Ilowanishe kwanza. Funga kitambaa puani. Maji machafu yamwage mbali na mahali watoto wanapochezea na mbali na mboga. Na tusidanganyike: ile filtri ya wavu inashika vumbi nene tu. Vumbi laini kabisa linapita. Klimatizeri si dawa ya vumbi la mgodi. Baba anayetoka kazini avue nguo za kazi kabla hajaingia chumbani, na nyumba ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, si kwa fagio kavu. Hilo linasaidia kuliko mashini yoyote.

NYUMBA MOJA NILIYOITEMBELEA

Niwaeleze jambo moja ili mwone kwamba sizungumzi juu ya chuma tu.

Kulikuwa jamaa moja, sitawataja, baba akifanya kazi ya zamu kwenye mgodi. Walikuwa na mtoto mdogo wa miaka mitatu ambaye alikohoa kila usiku. Mchana anacheza, usiku kifua kinapiga filimbi. Katika nyumba ile alikuwamo pia binti wa miaka kumi na moja, yatima, mtoto wa dada ya baba. Mtu mmoja wa maombi alikuja, akafunga macho, akasema kikohozi kinatoka kwa yule binti: eti anamkaba mdogo wake usiku. Akaagiza binti afunge siku tatu bila kula, na alale inje jikoni.

Nilipopata habari nilikwenda. Nilikuta binti amekaa peke yake karibu na mbabula, hakuna anayemsemesha. Mama wa nyumba alilia akaniambia, "Pasta, mimi sijui tena. Mutoto wangu anaisha." Sikumlaumu. Mwanamke asiyelala wiki tatu atashika kila kamba anayotupiwa.

Nilimwomba anionyeshe mahali mtoto anapolala. Tulipofungua mlango wa chumba, harufu ilitupiga: harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya beseni. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari "ili baridi isitoke". Kitanda cha mtoto kilikuwa chini kabisa ya klimatizeri. Nilimwita kijana mmoja wa parokia yetu, frigoristi aliyesoma kazi yake. Alikata umeme, akafungua kifuniko, akatutazama.

"Pasta, hii mashini iko na miaka mbili hapa. Hata siku moja hawayaifungula."

Filtri ilikuwa kama blanketi. Nyuma yake, ile turbini ndefu inayosukuma hewa ilikuwa imejaa ukungu mweusi, na sahani ya maji ilikuwa na utelezi kama wa mtoni. Kila usiku ile hewa ilimwangukia mtoto usoni.

"Sisi tulizania inakamata hewa ya inje," mama akasema pole pole.

Siku ileile tulipeleka mtoto lopitali. Munganga alimsikiliza kifua, akasema ni pumu, akampa dawa, akauliza juu ya vumbi, juu ya moshi, juu ya unyevu. Hakusema kwamba klimatizeri ndiyo ilileta pumu, na mimi sitasema hivyo. Alisema mwenye kifua cha namna hii anaumizwa na mambo hayo yote, na kwamba yaondolewe. Mashini ikaoshwa mpaka ndani, misumari ikang'olewa dirishani, kitanda kikasogezwa, dawa zikafuatwa. Kikohozi hakikwisha siku moja. Lakini baada ya majuma machache mama alianza kulala usingizi.

Na yule binti? Hapo ndipo kazi ilikuwa nzito zaidi. Filtri inaoshwa kwa dakika kumi, lakini jina la ulozi halitoki kwa sabuni. Niliita baba, mama, na wajomba, nikawaambia waziwazi kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na anayefanya hivyo anaazibiwa. Nikawaambia pia kwamba wamwombe binti musamaha, mbele yake, kwa sauti. Baba alikaa kimya sana. Kisha alimwita, akamwambia, "Mwanangu, tulikukosea." Binti hakujibu kitu. Aliingia ndani, akachukua godoro lake kutoka jikoni, akalirudisha chumbani mwa wadogo zake.

Ndugu zangu, kabla hujatafuta mlozi ndani ya nyumba yako, fungua kwanza kifuniko cha klimatizeri.

NAMNA YA KUOSHA

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Fuata hivi:

Kwanza, zima kwa telekomandi, halafu kata umeme kwenye dizonkteri. Telekomandi peke yake haitoshi, maana umeme unabaki unasubiri ndani.

Pili, inua kifuniko cha mbele pole pole, uvute filtri. Mara nyingi ziko mbili. Zipeleke inje, uzilowanishe, uzioshe kwa maji ya kawaida na sabuni laini, na broshi ya meno ya zamani. Mimina maji kutoka upande wa nyuma, ule usio na vumbi, ili uchafu urudi pale ulipotoka. Usitumie maji ya moto, kwa sababu plastiki inajipinda. Usitumie petroli wala javeli.

Tatu, zikaushe kivulini mpaka zikauke kabisa. Filtri mbichi inazaa ukungu. Na usiwashe mashini bila filtri hata kwa usiku mmoja.

Ine, pangusa kifuniko na midomo ya kutolea hewa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Zile bati nyembamba zilizo nyuma ya filtri unaweza kuzipitishia broshi laini, kutoka juu kwenda chini, bila kuzikandamiza. Zinajipinda upesi, na zinakata vidole.

Tano, angalia tiyo ya maji inje. Wakati wa mvua inapaswa kudondosha. Ikiacha kudondosha na maji yanashuka ukutani ndani ya chumba, imezibwa na utelezi au na wadudu. Lakini wakati wa kiangazi hewa yetu ni kavu, maji yatakuwa machache, usiogope. Na yale maji usiyaelekeze kwenye ukuta wa jirani. Nimepatanisha watu wawili juu ya jambo hilo, na walikuwa tayari kwenda polisi.

Sita, sehemu ya inje. Ondoa majani, mifuko ya plastiki, nyavu za buibui. Kata umeme, uoshe kwa maji yanayotiririka polepole, si kwa mashini ya kuoshea magari. Usiifunike kwa nguo za kuanika, usiweke mifuko ya makala mbele yake. Inatupa joto, ukiiziba, itarudi kujipika yenyewe.

Watoto wakubwa wanaweza kujifunza kuosha filtri. Lakini dizonkteri na sehemu ya inje ni kazi ya mzazi.

KAZI YA FRIGORISTI

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane kabla joto halijaja, mwite mtu wa kazi. Yeye ataosha turbini, atakaza nyaya, atapima gazi. Usijaribu kufungua mahali hapo wewe mwenyewe. Ndani mna kondensateri, kopo dogo linaloshika umeme hata baada ya kukata. Limewaangusha watu waliojiona wajuzi.

Na ujue jambo hili: gazi ya klimatizeri haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya tiyo zilizofungwa. Ikipunguka, kuna mahali inapovuja. Kwa hiyo fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gazi" bila kutafuta tundu anakula pesa zako. Mwambie kwa heshima, "Papa, tafuta kwanza inapotokea." Tena kila mashini iko na gazi yake iliyoandikwa kwenye kibao: R22, R410A, R32. Hazichanganywi. R32 inaweza kushika moto, na ile inayoitwa R290, ambayo ni propani, inawaka kabisa. Fundi asivute sigara wala kuweka chaluma karibu nayo.

Wala gazi isiachiliwe hewani. R22 inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali, ndiyo sababu mataifa yanaiondoa. Hata gazi nyingine nyingi zinazidisha joto la dunia, na mwezi wa kumi 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakapatana kuzipunguza.

HEWA NI ILEILE

Nirudie neno la yule mama, kwa sababu wengi wanafikiri kama yeye. Klimatizeri ya ukutani haileti hewa ya inje. Inazungusha hewa ileile ya chumba. Watu watano wakilala ndani wamefunga kila kitu, wanapumua pumzi zao wenyewe mpaka asubuhi. Fungua madirisha kila siku saa ya asubuhi, kabla makamyo hayajazidi.

Na hapa kuna hatari ya kufa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inapotushika, kuna wanaoingiza mbabula ndani. Wengine wanaweka jenereta kwenye barza, karibu na mlango. Makala na moteri vinatoa gazi isiyo na rangi wala harufu, inaitwa monoksidi ya kaboni. Mtu anasinzia, haamki. Klimatizeri haiwezi kuiondoa hata kidogo. Mbabula ibaki inje. Jenereta iwe mbali na nyumba, mbali na kila dirisha.

KURA INAPOKWENDA NA KURUDI

Sote tunajua kura yetu: inakwenda bila kuaga na kurudi bila kubisha. Inaporudi, mara inakuwa dhaifu, mara inaruka juu. Kompresa haipendi hayo. Kura ikikatika, zima klimatizeri. Ikirudi, subiri dakika tano ndipo uwashe, ili gazi itulie ndani ya tiyo. Mwenye uwezo anunue regulateri inayolingana na nguvu ya mashini. Klimatizeri iwe na waya wake na dizonkteri yake, si kuchomekwa pamoja na frigo na pasi kwenye prizi moja. Nyumba zimeungua juu ya hilo.

Tena usiweke digri 16 ukifikiri chumba kitapoa mbio. Mashini ya kawaida inapoza kwa mwendo uleule. Tofauti ni kwamba haitasimama. Weka 25 au 26. Mashini ndogo ya 9.000 BTU, kompresa ikitumika, inakula karibu wati 900. Ventilateri ya kawaida inakula 50 au 60. Usiku ambao ventilateri inatosha, acha ventilateri ifanye kazi.

Wapendwa, chukueni karatasi ndogo, mubandike ndani ya mlango wa kabati. Andikeni tarehe mliyoosha filtri, na jina la aliyeiosha. Katika nyumba nyingi nilizozizoea, karatasi hiyo inafanya kazi kuliko mausia yangu, maana watoto hawapendi kuona jina la mwenzao limeandikwa mara tatu na lao halimo. Kama hamna klimatizeri, msione haya: dirisha lenye wavu, mti wa maembe upande wa jua linapozama, na kitambaa cha maji sakafuni ni mali pia. Na kama mnayo, isafisheni. Kiangazi hakijaisha, na makamyo bado yanapita.